Mkono nilozaliwa nao: nipasuliwe au niuwache?

Wiki hii siandiki siasa wala bei ya unga. Naandika mkono wangu wa kulia, maana najua huko Pwani wako wengi wenye mkono kama huu na hawajapata mtu wa kuwaeleza.

"Unataka mkono huu ufanye nini ambacho leo haukiwezi?"

Swali hilo niliulizwa na daktari wa mifupa mwaka jana. Mimi, mtu mzima wa miaka 45, mwenye maneno mengi kama mnavyonijua, nilikosa jibu. Nilikuwa nimeenda na jibu la swali jingine kabisa. Nilidhani ataniuliza kama niko tayari kupasuliwa, na nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo, kwa sababu mamangu aliniomba.

Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nyumbani, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Nilikuwa mtoto mkubwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Nilipotolewa, mkono wa kulia ulikuwa umelala kama kitambaa. Vidole vilirudi, kiwiko kikaja kukunja, lakini bega halikupona sawasawa. Mpaka leo mkono ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, umegeukia ndani, na haupandi juu ya bega. Nilisoma nao, nikapata stashahada yangu ya uhasibu nao, nikazaa na kulea nao. Miaka 9 iliyopita kazi ilinileta Kisii, kushika vitabu vya duka la jumla, na hapa ndipo bega lilipoanza kuniuma usiku. Wengine walisema ni baridi ya milimani. Daktari alisema ni umri na kazi.

Kwanza tuelewane jeraha lenyewe ni lipi. Kutoka shingoni hutoka neva kubwa tano zinazopita chini ya mtulinga hadi kwapani, na hizo ndizo zinazoamrisha bega, mkono na vidole. Wakati wa kuzaa, bega la mtoto likinasa nyuma ya mfupa wa kinena cha mama, muda huwa mchache mno, kwani mtoto anaweza kukosa hewa. Kichwa kikivutwa, shingo na bega hutengana kwa nguvu na neva zile hunyooka kupita kiasi, au hukatika, au hung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Zikinyooka tu, mara nyingi mtoto hupona katika wiki au miezi ya mwanzo. Watoto wengi huwa katika kundi hilo, alhamdulillahi. Zikikatika au kung'oka, kilema hubaki. Madaktari huuita ulemavu huu kwa jina la Wilhelm Erb, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1874.

Kwa nini mkono hugeukia ndani? Kwa sababu neva za juu, ndizo zinazoumia zaidi, huamrisha misuli inayogeuza mkono kuelekea nje. Misuli hiyo ikilala, ile inayogeuza ndani hubaki peke yake ikivuta, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Mfupa wa mtoto ni laini, nao hukua ukifuata mvuto. Mmeiona minazi ya ufuoni ilivyoinama kwa upepo. Ukiufika ukubwa, tatizo si neva tena peke yake. Kifundo cha bega chenyewe kimekuwa na umbo jingine.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, nami nilikuwa mmoja wao. Nilidhani kupasuliwa ni kuunganishiwa neva. Upasuaji wa neva upo, lakini ni wa watoto wachanga, aghalabu kabla ya kutimiza mwaka. Msuli uliokaa bila neva kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu hupoteza uwezo wa kupokea neva mpya. Hata ukiuletea waya leo, taa ilishaungua zamani. Kwa mtu wa miaka 20, 30 au 45, hakuna daktari mkweli atakayekuahidi kuzirudishia neva za bega kazi yake ya asili.

Basi mtu mzima hufanyiwa nini? Kwa lugha nyepesi kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni kuhamisha kano: msuli mzima wa mgongoni huondolewa mahali pake na kushikizwa pengine ili usaidie kugeuza mkono nje. Hii hufaa zaidi watoto na vijana ambao kifundo cha bega bado ni kizuri. Ya pili ni kuukata mfupa wa juu wa mkono, kuuzungusha kuelekea nje kwa kipimo fulani, kisha kuufunga kwa pleti ya chuma na skrubu mpaka uunge. Ya tatu ni kwa bega lililoharibika sana na kuuma sana: kuligandisha lisicheze, au kwa baadhi ya wenye umri mkubwa, kuwekewa bega la bandia. Kabla ya yote hayo kuna tiba ya viungo, yaani mazoezi ya kitaalamu. Mazoezi hayatanyoosha mfupa uliopinda, lakini hulegeza, hutia nguvu misuli iliyobaki, na hupunguza maumivu.

Mimi nilielezwa ile ya pili. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo ambalo hakuna aliyeniambia kwa miaka 45.

Nikila, kiwiko changu hupanda juu pembeni kabla mkono haujafika mdomoni. Madaktari wana jina la alama hiyo, huifananisha na mtu anayepiga tarumbeta. Sisi tungesema mpuliza siwa. Hebu mkumbukeni aliyeinua siwa la Lamu akilipuliza, kiwiko juu: huyo ni mimi mbele ya sahani ya wali. Nikapelekwa mfupa ukakatwe na kuzungushwa nje, mkono ungefika mdomoni na kichwani bila kiwiko kupaa. Ningejifunga mtandio bila kuinamisha kichwa. Takbira ningeinua mikono yote miwili sawa.

Lakini mfupa haukuongezwa kitu. Bega lina mzunguko wake mdogo, na upasuaji huu hauuongezi, unauhamisha. Unachokipata upande wa nje unakilipa upande wa ndani. Na upande wa ndani ndiko kwenye tumbo, kifua na vifungo vya nguo. Ni pale unapofunga leso kifuani, unapoweka mkono juu ya mkono katika sala, unapomkumbatia mtoto. Kwangu mimi ni pale penye kibodi ya kompyuta, penye riziki yangu, na pale nilipokaa juu ya mbuzi nikikuna nazi kwa mikono miwili. Ndiyo, nina mbuzi wa nazi hapa Kisii, na nazi naletewa na basi la Mombasa. Daktari bingwa hupima ili asizungushe kupita kiasi, na wako wanaotoka na faida kubwa na hasara ndogo. Ila hasara ipo, na yeyote anayekuambia haipo muogope.

Ndiyo maana swali la daktari lilikuwa zito. Alikuwa ananiuliza ninunue nini, niuze nini.

Nina jirani yangu, Mgusii, shamba lao liko upande wa Nyamira karibu na Kebirigo, huko kwenye chai. Yeye ana mkono kama wangu, ila wake ni wa kushoto. Nilipomwambia habari zangu alicheka, akasema, "Dada, mimi nilishakatwa."

Anayejua uchumaji wa chai anajua kwamba mikono yote miwili huchuma mbele, usawa wa kiuno, kisha majani hurushwa juu ya bega kuingia kikapuni mgongoni. Mkono wake wa kushoto uliweza kuchuma. Haukuweza kurusha. Kila konzi ilibidi aihamishie mkono wa kulia, nao ndio urushe. Wenzake wakimaliza mistari miwili yeye yuko kwenye mmoja, na bega lake zima, lile la kulia, likaanza kumuuma kwa kufanya kazi ya mawili. Mazoezi alifanya mwaka mzima, maumivu yakapungua, kurusha kukakataa.

Alipoulizwa swali nililoulizwa mimi, alijibu papo hapo: "Nataka nirushe majani."

Akapasuliwa, mfupa ukazungushwa. Mkono ulikaa kwenye kombeo wiki 6. Ilichukua kama miezi mitatu mfupa kuunga vizuri, na miezi mitano kabla hajarudi chaini. Alipanga akatwe baada ya bonasi ya mwaka kuingia, ili pawe na pesa za kumlipa mtu wa kuchuma zamu zake, maana chai haingoji. Jani likipita siku zake linakomaa na kiwanda hakilitaki. Leo anarusha. Hainui mkono juu sana kama mtu mzima wa afya, lakini unafika anapotaka. Nilimuuliza alipoteza nini. Akanionyesha: mkono wa kushoto haufiki tena tumboni bila kukunja kifundo cha mkono, na kumfunga mtoto mgongoni kwa leso anahitaji msaada. "Nilijua," akasema. "Mtoto wangu wa mwisho alishaanza shule."

Mimi na yeye tuna jeraha moja. Uamuzi wake ulikuwa sawa. Hilo halinifanyi wangu uwe huo huo.

Tuje kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema: aibu. Wengi wetu tunaokwenda kwa daktari utu uzimani tumechoka kutazamwa. Picha za harusi, mkono nyuma ya mtu mwingine. Buibui pana. Mkoba umening'inizwa hapo ili ufunike. Nataka niwakumbushe mtu mmoja ambaye alificha mkono wake kuliko sote. Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, yule ambaye bendera ya nchi yake ilipepea Tanga na Bagamoyo, na hata Witu yetu mpaka mwaka 1890, alizaliwa Januari 1859 akitanguliza matako, na mkono wake wa kushoto ukaumia vivyo hivyo. Akiwa mtoto alitiwa umeme, akafungwa kwenye mashine ya kumnyoosha shingo, akakatwa kano ya shingo, na mkono wake ukatumbukizwa ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa punde ili upate joto na nguvu. Haukupona. Alikua ukiwa mfupi kwa takriban sentimita 15, na katika picha zake utaona mara nyingi mkono huo umeshika glavu au umeegemea upanga ili watu wasijue. Hakuna aliyemuuliza mtoto yule anataka mkono ufanye nini. Walitaka mfalme asiwe na kilema.

Sisemi mtu asipasuliwe kwa sababu ya umbo. Moyo nao ni kiungo. Lakini ajue kwamba mkono uliokatwa na kuzungushwa utabaki mfupi, utabaki mwembamba, na utaongezewa kovu refu. Ukienda kutafuta mkono usioonekana, utarudi umehuzunika.

Na maumivu je? Hapa pia pana mtego. Maumivu ya mtu mzima mwenye mkono huu yanaweza kutoka sehemu nyingi: kifundo cha bega kilicholika, misuli ya shingo na mgongo inayobeba isichoumbiwa kubeba, au bega la upande wa pili lililochoka. Kuuzungusha mfupa wa mkono hakutibu bega la upande wa pili. Kwa hiyo kabla ya kisu, hakikisha limejulikana linalouma ni nini, kwa eksirei na vipimo vingine daktari atakavyoona. Hapa Gusii watu wanalielewa hilo tangu kale. Walikuwa na mafundi wao, ababari, waliofungua fuvu la kichwa kwa wembe na kukwangua mfupa, na habari zao ziliandikwa na madaktari tangu miaka ya 1950. Siwasifu wala siwatumi huko. Nataja kwa sababu hata mgonjwa wa ababari alikuwa na maumivu anayoyajua: kichwa kilichoanza kuuma baada ya kugongwa. Alijua anakwenda kuondolewa nini.

Basi kwa anayefikiria upasuaji, haya ndiyo niliyojifunza kuyauliza, nayo nawapa.

Andika kwenye karatasi mambo matatu usiyoyaweza leo na unayoyahitaji kila siku. Si mambo ya kuonekana, ni ya kufanya. Kisha andika matatu unayoyaweza sasa na usiyokubali kuyapoteza. Mpe daktari karatasi zote mbili. Usisahau mambo ya dini: udhu, kuchamba, kufunga mikono katika sala. Mkono wa kushoto ukizungushwa nje sana, kuchamba kunaweza kuwa kazi, na hilo daktari hatalikumbuka usipomwambia. Aliye na udhuru dini imempa wepesi, na mashekhe wetu wapo wa kuulizwa, lakini ni bora uulize kabla.

Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi kwa watu wazima, si kwa watoto tu. Muulize atazungusha kiasi gani na kwa nini. Muulize hatari: mfupa kukataa kuunga, kidonda kuingia vijidudu, neva inayopita nyuma ya mfupa kuguswa na kiganja kulegea, chuma kuhitaji kutolewa baadaye. Mwambie kama una presha au sukari. Na ukitaka kusikia daktari wa pili, huo si utovu wa adabu.

Anza na idara ya tiba ya viungo. Hospitali za rufaa za kaunti zinayo, Kisii na Nyamira, na kwetu Pwani hali kadhalika, kuanzia hospitali kuu ya Mombasa. Fanya miezi kadhaa kwa bidii kabla ya kuamua. Upasuaji huu hauna dharura kwa mtu mzima. Mkono umekungoja miaka yote hiyo, utakungoja hadi baada ya Ramadhani.

Piga hesabu. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na asiye na ajira huchangia kulingana na kipato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha michango yako haijakatika, na usilazwe kabla hospitali haijapata idhini na kukuambia kwa maandishi kilicholipwa na kilichobaki juu yako. Halafu hesabu ile isiyo kwenye risiti: nani atapika, nani atakuogesha, nani atakusuka nywele wiki 6, mwajiri atasemaje, nauli ya kwenda na kurudi kliniki. Jirani yangu alikuwa na dada yake na bonasi. Mimi niko mbali na kwetu.

Nilirudi kwa daktari na karatasi zangu. Upande wa ninachokitaka niliandika: bega lisiniume usiku. Nilikaa na kalamu muda mrefu, la pili halikuja. Kula naweza, na nimezoea kiwiko changu. Upande wa nisichokubali kukipoteza nilijaza mistari yote. Daktari akasoma, akatabasamu, akasema, "Umeshajijibu, mama." Nikapewa mazoezi, nikapunguza kimo cha meza ya kompyuta, nikaacha kubeba mzigo wote kwa mkono wa kushoto. Usiku silali kama mtoto, lakini nalala. Bega likizidi kulika, tutazungumza tena.

Ilibaki mamangu. Ana miaka 70 na ushei sasa. Kila akinipigia alikuwa akisema, "Mwanangu, enda ukatengezwe mkono. Mimi ndiye n'lokuzaa nao hivyo, sitaki kufa na fundo moyoni." Idi ilopita nilishuka Mombasa, nikakaa naye jikoni, nikamwambia aliyoniambia daktari: kwamba bega kunasa mara nyingi halitabiriki, hata hospitalini penye kila kitu hutokea, na kwamba waliokuwa chumbani siku ile walikuwa wanashindana na pumzi yangu. "Mama, ulinitoa hai," nikamwambia. Alinyamaza. Kisha akanisogezea mbuzi na kifuu, akasema, "Haya basi, kuna nazi, wali wangoja."

Na nyinyi mlio na vichanga, hili ni lenu. Mtoto akizaliwa na mkono usiochezacheza, msikandamize, msivute, msingoje arubaini. Mpelekeni kliniki wiki hizo hizo za mwanzo, aanzishiwe mazoezi. Akifika miezi mitatu na kiwiko bado hakikunji, ombeni rufaa kwa bingwa, mwaka usije ukapita. Yeye bado ana mlango ambao kwangu umefungwa.